Kura Chache, Kiti Kizima

Safu ya maswali ya wasomaji

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu ninayeishi Njoro, katika Kaunti ya Nakuru. Kila asubuhi wafugaji wa hapa hukutana pale tunapopeleka maziwa yapimwe, na tunapongoja gari mazungumzo hayakosi kufika kwenye siasa. Juma lililopita nilibishana na jirani yangu. Yeye anashikilia kwamba mtu akichaguliwa na wachache huku wengi wamebaki nyumbani, huyo hakuchaguliwa, na hana ridhaa ya wananchi hata akiapishwa mara kumi. Mimi nilimwambia kwamba aliyebaki nyumbani amekubali lolote litakaloamuliwa na waliokwenda, kwa hiyo mshindi ni mshindi na maneno yameisha. Tuliachana bila kuafikiana. Tunaomba utuamue. (Mwalimu mstaafu, Njoro)

JIBU: Mwalimu, pokea heshima zangu, na umfikishie jirani yako salamu. Kwa maoni yangu jirani amekosea kuhusu kiti, nawe umekosea kuhusu waliobaki nyumbani. Uniwie radhi nikisema kwamba kosa lako ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa ndilo ambalo wanasiasa wetu hulikimbilia mara tu wanapoapishwa.

Tuanze na kiti, kwa sababu hapo sheria haina utata. Kifungu cha 138 cha Katiba ya mwaka 2010 kinamtaka mgombea wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na pia angalau asilimia 25 ya kura zilizopigwa katika kila moja ya zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 kati ya 47. Neno la kushika hapo ni "zilizopigwa". Katiba haikutaja nusu ya waliosajiliwa, wala nusu ya watu wazima wote wa nchi hii. Kwa gavana sharti ni jepesi zaidi, maana Kifungu cha 180 kinampa kiti yule aliyewazidi wenzake kwa kura, hata kama wagombea ni kumi na yeye ameambulia robo tu. Tena wengi hawajapata kusoma kwamba Kifungu hicho hicho cha 138 kinaanza kwa kueleza kuwa akiteuliwa mgombea mmoja pekee wa urais, basi atatangazwa kuwa amechaguliwa. Maana yake ni kwamba kwa sheria yetu mtu anaweza kuingia Ikulu bila karatasi hata moja kutumbukizwa sandukuni. Jirani yako ana haki ya kuichukia hali hiyo, lakini hawezi kudai kwamba mshindi wa kura chache amekalia kiti cha mwenyewe. Kiti ni chake, sahihi yake ina nguvu ya sheria, na muda wake ni ule ule wa mwenzake aliyechaguliwa na umati.

Sasa twende kwa waliobaki nyumbani, na tuwatazame kwa karibu, katika darasa moja la shule ya msingi lililogeuzwa kituo cha kupigia kura. Katika uchaguzi wa 2017 na ule wa 2022 kila kituo kiliwekewa ukomo wa wapiga kura 700. Chukua basi kituo chenye watu 700 katika daftari, na ujaalie kwamba siku hiyo wamefika 455, ambao ni asilimia 65. Wagombea wakiwa wawili, mshindi anahitaji kura 228. Ukiwatoa wale 700 nje na kuwapanga katika uwanja wa shule, utaona 228 waliomtaka, 227 waliomkataa, na nafasi tupu ya watu 245. Kundi kubwa kuliko yote ni la wasiokuwapo.

Hesabu hii sikuitoa hewani. Mwaka 2022 daftari la nchi nzima lilikuwa na wapiga kura 22,120,458. William Ruto alipata kura 7,176,141 na Raila Odinga 6,942,930, na waliosajiliwa lakini hawakufika vituoni walizidi milioni 7.7. Rais alichaguliwa kwa zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, kama Katiba inavyotaka, nayo Mahakama ya Juu ikauthibitisha ushindi wake tarehe 5 Septemba mwaka huo. Ila ukipima kwa daftari zima, waliomchagua walikuwa chini kidogo ya theluthi moja. Kama angeshinda mpinzani wake kwa pengo jembamba kama lile, ningeandika maneno haya haya. Wala jambo hili si la Kenya peke yake. Huko Uingereza mwaka 2024 chama cha Labour kilijinyakulia viti 411 kati ya 650 kwa asilimia 33.7 ya kura, katika uchaguzi ambao watu wanne hivi kati ya kila kumi waliosajiliwa hawakuupigia kura, kwa hiyo serikali yenye wingi mkubwa bungeni ilisimama juu ya takriban mtu mmoja kati ya watano.

Wewe, Mwalimu, unasema wale 245 wamekubali. Umejuaje? Wengine wamekwisha kufa: ukaguzi wa daftari uliofanywa kabla ya uchaguzi wa 2022 ulikuta humo majina zaidi ya 200,000 ya marehemu. Wengine wako hai lakini wako mbali, wamesajiliwa Mumias na wanauza dukani Nakuru, na nauli ya kwenda na kurudi ni chakula cha nyumba kwa siku kadhaa. Yupo aliyeuguliwa, yupo mlinzi ambaye tajiri wake hakumpa ruhusa. Yupo pia mtu aliyeridhika, ambaye kwake mgombea yeyote anayeongoza anatosha, na huyo peke yake ndiye anayelingana na maelezo yako. Halafu yupo yule aliyekata tamaa, ambaye amepiga kura mara nne tangu apate kitambulisho na barabara ya kwao ingali tope lile lile. Huyu wa mwisho hakukubali hata kidogo. Ukimhesabu pamoja na aliyeridhika, eti kwa kuwa wote wawili hawakuonekana kwenye foleni, unamdhulumu mara ya pili.

Ndiyo maana nasema kwamba idadi ya waliojitokeza, ikisimama peke yake, haitoshi kupima ridhaa. Ni lazima tuulize kilichowaweka nyumbani wale wasiofika. Wakiwa wachache kwa sababu ya mvua na nauli, mshindi amepungukiwa kidogo tu, kwa kuwa waliofika yaelekea wanafanana na wasiofika. Wakiwa wachache kwa sababu kundi zima la watu limejiondoa, iwe ni vijana, au kabila, au mtaa wa maskini, mshindi anatawala watu ambao hajawahi kupewa neno lao, na ni vyema alijue hilo kabla hajalijua kwa njia nyingine.

Tuliona jambo hilo mwaka 2024. Tarehe 25 Juni wabunge waliupitisha Mswada wa Fedha, uliokuwa na mapendekezo ya kodi mpya, kwa kura 195 dhidi ya 106. Kila mmoja wao alikuwa amechaguliwa kihalali, na hesabu ya bungeni ilikuwa sahihi. Siku hiyo hiyo vijana wakaingia katika majengo ya Bunge, watu wakauawa, na kesho yake Rais akatangaza kwamba hataitia sahihi sheria ile. Kabla ya uchaguzi wa 2022 tume ya uchaguzi ilikuwa imeeleza kwamba vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa asilimia 39.84 ya waliosajiliwa, na kwamba idadi yao ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya asilimia 5 ikilinganishwa na mwaka 2017. Taarifa hiyo ilisomwa wakati ule kama habari ya uvivu wa vijana. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo ule ulikuwa umeandikwa katika takwimu za usajili miaka miwili kabla haujasikika barabarani.

Wewe ni mwalimu, bila shaka chama cha akiba na mikopo unakifahamu. Mwanachama mwenye wadhamini wachache hafukuzwi dirishani. Atapewa mkopo, ila hautakuwa sawa na wa yule aliyedhaminiwa na ofisi nzima. Hivyo ndivyo ninavyoiona ridhaa ya mshindi wa kura chache. Anaweza kutengeneza zahanati, kulipa watumishi, kusimamia bajeti, kutekeleza kila kitu ambacho ofisi yake imeagizwa na sheria. Lakini akitaka kufanya jambo kubwa lisilorudishika nyuma, kama kuuza ardhi ya umma, kuhamisha soko, au kuwabebesha watu ushuru ambao hakuutaja kwenye kampeni, hana haki ya kusimama jukwaani na kusema "wananchi wamesema". Wengi wao hawajasema. Arudi akawaulize, na Katiba imempa pa kuwauliza, maana Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika kazi zake, na cha 118 kinaliagiza Bunge la Taifa na Seneti vivyo hivyo. Mwakilishi wadi aliyepita kwa kura za wachache anapaswa kuviogopa vikao hivyo kidogo kuliko wenzake na kuvitafuta zaidi, kwa sababu humo ndimo anamoweza kujazia kile ambacho sanduku halikumpa.

SWALI: Mimi ni mama mfanyabiashara wa Kondele, Kisumu. Oktoba mwaka 2017 sisi huku hatukupiga kura. Mwanangu alikuwa bado katika shule ya msingi, na leo ana kitambulisho chake. Majuzi aliniuliza kama yule aliyetawala miaka mitano iliyofuata alikuwa rais wetu au wa wale waliompigia kura. Nilishindwa kumjibu, na sipendi kumjibu kwa hasira. (Mama wa Kondele)

JIBU: Mama, asante kwa kutotaka kujibu kwa hasira, ingawa hasira yenyewe ina sababu. Tumkumbushe kijana mambo yalivyokwenda. Uchaguzi wa tarehe 8 Agosti 2017 ulimpa Uhuru Kenyatta kura 8,203,290, ambazo ni asilimia 54 hivi, na waliojitokeza walikaribia asilimia 80. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga iliubatilisha uchaguzi wa urais na kuagiza urudiwe. Raila Odinga akajiondoa tarehe 10 Oktoba, akisema tume haijarekebishwa, na wafuasi wake wakaususia uchaguzi wa marudio wa tarehe 26. Katika kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori uchaguzi haukufanyika. Uliahirishwa kwa siku mbili, kisha ukaachwa kabisa.

Mimi asubuhi ile nilikuwa Kisumu, nimekuja kwenye matanga ya jamaa yangu. Nilipita mbele ya shule ya msingi ambayo mwezi Agosti ilikuwa na foleni iliyotoka nje ya lango ikapinda hadi kwenye kibanda cha mshona viatu. Siku hiyo lango lilikuwa na mnyororo na kufuli. Barabara ilikuwa na mawe na majivu ya magurudumu, kibanda kimefungwa, na bawabu mzee aliyekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa alinitazama asiseme kitu. Watu walipoteza maisha katika siku zile, na sitaki kuliandika jambo hili kana kwamba lilikuwa hesabu tu.

Hata hivyo hesabu yake inafundisha. Katika marudio Kenyatta alipata kura 7,483,895, nazo zilikuwa zaidi ya asilimia 98 ya kura halali. Angalia, Mama: kura zake zilipungua kwa zaidi ya laki saba, na asilimia yake ikapanda kutoka 54 hadi 98. Waliojitokeza walikuwa takriban asilimia 39. Mtu akikwambia kwamba asilimia ya kura zilizopigwa ndiyo kipimo cha kupendwa na watu, mwonyeshe tarakimu hizi mbili zikiwa pamoja.

Kwa hiyo mwambie kijana kwamba ndiyo, alikuwa rais wenu. Tarehe 20 Novemba Mahakama ya Juu, ile ile iliyokuwa imembatilishia ushindi wa kwanza, iliukubali uchaguzi wa pili, na tarehe 28 akaapishwa. Sheria alizotia sahihi ziliwahusu watu wa Kondele sawasawa na watu wa Gatundu, kwao Kenyatta, na kodi yenu iliingia hazina ile ile. Lakini mwambie pia kwamba rais huyo hakuweza kutawala kama mtu mwenye asilimia 98. Tarehe 30 Januari 2018 Odinga aliapishwa mbele ya umati katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, kuwa "rais wa wananchi", na tarehe 9 Machi mwaka huo wawili hao wakasimama kwenye ngazi za Harambee House, ofisi ya Rais, na kupeana mikono. Kwangu mimi mkono ule ni ushahidi kuliko hotuba zote za wakati ule. Aliyeungwa mkono kweli na watu 98 kati ya 100 hana sababu ya kumwita mpinzani wake wagawane mwelekeo wa nchi. Aliitafuta kwa mazungumzo ile ridhaa ambayo sanduku lilikuwa limemnyima, na katika hilo namheshimu, ingawa kilichofuata kati yao kilikuwa na makosa yake.

Kuna mambo mawili ambayo naona ni haki kijana ayasikie kutoka kwako. Kususia kulikopangwa na kutangazwa ni sauti. Kuna madai yanayotajwa, kuna mtu wa kuyajibu, na ndiyo maana kulisikika. Hakufanani na kukaa nyumbani kwa sababu ya uchovu. Tena Oktoba ile uliorudiwa ulikuwa uchaguzi wa urais peke yake, kwa kuwa gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wadi wa kwenu walikuwa wamekwisha kuchaguliwa mwezi Agosti. Mlisusia karatasi moja mkiwa na tano mkononi. Anayesusia uchaguzi mkuu wa kawaida anaziacha zote sita. La pili ni gumu zaidi kulisema. Walikuwapo watu wa Kisumu waliotaka kupiga kura siku ile na wakaogopa, au wakakuta lango limefungwa. Hao hawakususia. Wamehesabiwa katika kundi la waliosusia bila kuulizwa, na upande uliosusia nao una deni kwao.

SWALI: Huku Kakamega uchaguzi wa gavana wa 2022 uliahirishwa hadi tarehe 29 Agosti, na watu wengi hawakurudi vituoni. Je, mshindi alipungukiwa na ridhaa? (Msomaji wa Kakamega)

JIBU: Kidogo sana, kwa maoni yangu, na si kwa kosa lake. Uchaguzi wenu, pamoja na ule wa gavana wa Mombasa, uliahirishwa kwa sababu karatasi za kura zilichapishwa zikiwa na picha na maelezo ya wagombea yaliyochanganyika; hali kama hiyo ya karatasi zenye kasoro iliwaahirishia wenzetu wa Rongai, huku Nakuru, uchaguzi wa mbunge. Mtu aliyepanga foleni tarehe 9 akapiga kura tano, kisha akaambiwa arudi baada ya majuma matatu kwa ajili ya karatasi moja, ana sababu ya kutorudi ambayo haimhusu mgombea yeyote. Fernandes Barasa alipata kura 192,929 na Cleophas Malala 159,508, na hakuna dalili kwamba waliobaki nyumbani walikuwa wa upande mmoja tu. Aliyepaswa kuulizwa juu ya mwitikio ule mdogo ni aliyesimamia uchapishaji.

SWALI: Nafanya kazi katika shamba la maua Naivasha, na kura yangu iko Vihiga, nilikozaliwa. Mwaka 2022 sikwenda. Wenzangu shambani wanasema itungwe sheria kwamba waliojitokeza wakiwa chini ya nusu, uchaguzi ubatilike. Wengine wanasema asiyepiga kura atozwe faini. Wewe unaonaje? Na je, nikibaki nyumbani tena, si njia yangu ya kupinga? (Msomaji wa Naivasha)

JIBU: Ndugu yangu, wazo la kiwango cha chini si geni. Katiba yetu yenyewe inalo, ila imeliweka kwenye kura ya maoni: Kifungu cha 255 kinataka, ili badiliko la mambo ya msingi lipite kwa njia hiyo, angalau asilimia 20 ya waliosajiliwa katika kila moja ya nusu ya kaunti wawe wamepiga kura. Ufaransa inamtaka anayewania ubunge katika duru ya kwanza apate zaidi ya nusu ya kura, nazo zifikie pia robo ya waliosajiliwa. Asipofikisha, waingie duru ya pili. Hayo ni masharti ya wastani na sioni ubaya wake.

Kubatilisha uchaguzi mzima ndiko ninakokupinga. Serbia ilikuwa na sheria ya namna hiyo, ikadai nusu ya waliosajiliwa wajitokeze katika uchaguzi wa rais. Mwaka 2002 uchaguzi ukashindikana kwa ajili hiyo, ukarudiwa ukashindikana, mwaka 2003 ukashindikana tena, na nchi ikakaa bila rais aliyechaguliwa hadi walipoifuta sheria hiyo mwaka 2004. Ubaya wake ni kwamba anayejua atashindwa hahitaji tena kutafuta kura. Anawaambia watu wake wabaki nyumbani, na uvivu wa wengine unajumlishwa na mpango wake. Katika nchi kama yetu, ambako kila mgombea ana ngome, angekuwapo mtu wa kufunga malango ya shule kwa mnyororo kila baada ya miaka mitano. Na siyo kwamba sioni hatari ya upande wa pili. Nigeria mwaka 2023 ilikuwa na zaidi ya watu milioni 93 katika daftari, na rais akapatikana kwa kura 8,794,726, chini ya asilimia 10 ya daftari. Hilo linanihuzunisha. Lakini dawa yake haiwezi kuwa kuiacha nchi bila rais.

Kuhusu faini, Australia ilitunga sheria hiyo mwaka 1924. Katika uchaguzi wa 1922 waliojitokeza hawakufika asilimia 60, na katika ule wa 1925 wakapita 90, na kwa miongo mingi hawakushuka chini ya hapo. Imefaa huko. Hapa kwetu ingemwangukia mama anayeuza mboga ambaye kadi yake ya kura iko Busia na mtoto wake amelazwa Nakuru. Kwanza serikali itimize wajibu wake. Kifungu cha 83 kinasema kwamba mipango ya usajili na ya uchaguzi iwekwe kwa namna ya kumrahisishia raia kupiga kura na isimnyime haki hiyo. Mwaka 2022 Mkenya aliyejisajili Kampala aliipigia kura ya urais huko huko. Wewe uliye Naivasha, ndani ya nchi yako, ulishindwa na nauli. Mpaka pengo hilo lizibwe, mimi siwezi kuunga mkono faini.

Na swali lako la mwisho ndilo lililonifanya niichague barua yako. Kubaki nyumbani peke yako, bila kusema na mtu, hakumfikii yeyote. Hata kuharibu karatasi makusudi hakusaidii, kwa kuwa Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2013 kwamba kura zilizokataliwa haziingizwi katika hesabu ya asilimia za wagombea. Usiku, masanduku yanapokwisha kufunguliwa, msimamizi wa kituo hujaza Fomu 34A na nakala yake hubandikwa mlangoni. Humo huandikwa idadi ya waliosajiliwa, kura zilizokataliwa, kura zenye ubishi, kura halali, na alichopata kila mgombea. Hakuna mstari wa kuandika ni kwa nini mtu wa Vihiga aliyeko Naivasha hakuja. Uchaguzi ujao ni Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Chukua kitambulisho chako, uende ofisi ya tume katika eneobunge la Naivasha, uombe usajili wako uhamishwe, na ufanye hivyo mapema, kwa sababu daftari hufungwa kabla ya uchaguzi na likishafungwa hakuna wa kukufungulia. Ukifika waulize pia kuhusu wenzako wa shambani. Wakiwa wengi, ombeni tume iwaletee makarani wa usajili huko huko mnakofanyia kazi siku ya mapumziko.